Mkono Usiokosea na Spana ya Kipimo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa karakana yangu. Nikadhani ni tangazo la kukatwa maji. Kumbe ni neema. Timu ya baiskeli ya akina dada wa mtaa wetu imepata baiskeli nane mpya, zile nyepesi ambazo mtu huziinua kwa vidole viwili, na inatafuta fundi wa kudumu. Anayetaka kazi afike uwanjani Jumamosi ya tarehe 15, aunganishe baiskeli moja mbele ya watu wote. Imesainiwa na Nahodha wa timu, yule muuguzi anayetembea kama mtu aliyechelewa hata siku ya mapumziko.

Chini kabisa, kwa wino mwekundu: fundi aje na spana yake ya kipimo.

Huo wino mwekundu umenilenga mimi. Najua. Spana ya kipimo ni spana inayojua kiasi. Unaipangia namba, unakaza, ukifika pale inalia tak, unaacha. Kwa mafundi wasio na mkono ni msaada mkubwa. Mimi nina mkono. Miaka ishirini na miwili nimekaza kwa mkono huu. Nakaza mpaka bolti igune, kisha naongeza kidogo ya baraka. Mkono wangu haujakosea hata siku moja. Bolti ndizo hukosea.

Bolti ya mwisho kukosea ilikuwa Desemba, ya kiti cha binti yangu. Ilikatika katikati ya mlima. Alirudi nyumbani kilomita sita amesimama juu ya pedeli, kiti amekitia mkobani. Hakunigombeza. Siku ya pili akaivusha baiskeli yake barabara, akaipeleka kwa Milimita.

Milimita ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Tumempa jina hilo kwa sababu hupima hata kamba ya kufungia lango. Aproni yake imepigwa pasi. Tangu Desemba binti yangu hupita mbele ya karakana yangu akikokota baiskeli, ananiamkia shikamoo baba kwa adabu zote, kisha anavuka. Naitikia marahaba. Inauma kuliko angenitukana.

Basi nimeamua. Nitanunua spana ya kipimo, nitapata kazi, na baiskeli ya binti yangu itarudi upande wetu wa barabara. Usiku mwema, Milimita, ingawa ni saa nne asubuhi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dukani kwa vifaa. Tatizo: sijui spana ipi ni nzuri, na fundi wa miaka ishirini na miwili hawezi kuuliza. Nikatunga mbinu. Nikasema namnunulia rafiki yangu, fundi mchanga, mjinga kidogo, masikini ya Mungu.

Muuza vifaa ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akauliza rafiki yako anakaza nini. Baiskeli. Bolti yake ndogo kabisa inataka kiasi gani, na kubwa kabisa kiasi gani. Nikasema rafiki hajawahi kuniambia. Akasema bolti za usukani na kiti ni nne, tano, sita hivi, ndizo namba wanazoandika kwenye chuma chenyewe. Akanitolea kispana cha urefu wa shubiri moja, kinapima kuanzia 2 hadi 24. Akasema spana nzuri ni ile ambayo kazi zako za kila siku zinaangukia ndani ya namba zake, si nje.

Nikakitazama. Mswaki! Fundi mzima asimame mbele ya umati ameshika mswaki?

Halafu nikaiona. Juu ya rafu, ndani ya sanduku la chuma. Ndefu kama mkono wa mtu mzima, mshikio mwekundu, inameta. Namba zake 40 hadi 200. Nikafanya hesabu ya kichwa: anayeweza mia mbili atashindwaje tano? Mtu anayebeba gunia hashindwi kubeba yai.

Nikamwambia hivyo. Akasema wabeba magunia ndio wanaoongoza kwa kuvunja mayai. Mama huyu anapenda maneno. Nimeinunua ile kubwa.

Mke wangu ameuliza kwa nini naingia chumbani na bomba. Nimemwambia ni kifaa cha kisasa. Amerudi kwenye cherehani yake. Yeye ni fundi nguo, haelewi mambo ya vyuma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo sikufanya kazi. Nilisimama nje na spana begani kuanzia saa mbili hadi saa sita ili Milimita aione. Aliiona saa tano na nusu. Akavuka, akanisalimia, akaishika, akaisifia uzito. Akauliza kama naacha baiskeli nahamia malori.

Wivu. Umemjaa mpaka kwenye kola.

Wanne wa timu wamepita pia, wameitazama sana. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Nimempungia spana. Imenielemea ikagonga ndoo, lakini nadhani hakuona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mazoezi. Nimeanza na baiskeli ya mwalimu wa jirani, iliyoletwa kufungwa usukani. Kwenye shingo ya usukani imeandikwa 5. Spana yangu inaanza 40. Chini ya 40 hakuna namba, ni chuma kitupu.

Mtu asiye na akili angekata tamaa hapo. Mimi nimechukua rula ya mke wangu. Kutoka 40 hadi 60 ni sentimita moja. Kwa hiyo kutoka 40 kurudi 5 ni sentimita moja na robo tatu. Hesabu safi kabisa. Nikachora 5 yangu mwenyewe kwa chaki yake ya kushonea, nikarudisha mshikio mpaka pale. Ukawa unachezacheza kidogo. Vifaa vipya huwa hivyo.

Nikaanza kukaza. Kimya. Nikaendelea, bado kimya. Bolti ikaguna. Zamani hapo ndipo ningeacha, lakini mwenye kusema si mimi tena, ni spana, na spana ilikuwa haijasema. Nikamsubiri mwenye kauli yake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza bega. Nikapanda juu ya kigoda ili nipate nguvu.

Tak!

Nilifurahi vibaya mno. Nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia. Ndipo nikahisi kitu ndani ya kiatu changu. Kichwa cha bolti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ilikuwa bolti ya ovyo. Nimejaribu nyingine. Nayo ya ovyo. Ya tatu haikukatika, ila shingo yenyewe ya usukani imepata ufa. Vyuma vya siku hizi!

Mwalimu amekuja saa tisa. Nimemfungia shingo ya baiskeli yangu mwenyewe, nikaifunga kwa vidole tu maana mkono ulikuwa umeogopa. Amesema haijawahi kufungwa vizuri namna hii. Sikuelewa anamaanisha nini. Sasa mimi natembea kwa miguu.

Mke wangu amekuta chaki yake imepungua na rula ina grisi. Aliitazama tu ile rula.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wiki moja imebaki. Nimeona nimpeleleze adui. Nimetoboa tairi la mbele la baiskeli ya mke wangu kwa msumari, nikaikokota hadi kwa Milimita, nikalalamika barabara zimeharibika siku hizi.

Nimekaa kwake saa nzima kwenye kibao. Nimeona mengi. Spana yake ya kipimo ni ule ule mswaki! Anashika bolti, anasoma namba iliyoandikwa, anaipangia spana namba hiyo, anakaza polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Tak. Mkono wake unaondoka palepale. Akimaliza anairudisha hadi namba ya chini kabisa, anaifuta, anailaza kwenye kisanduku chake. Kwa bolti inayofuata anaanza upya. Na akitaka kufungua bolti iliyoganda hatumii ile, anachukua spana ya kawaida. Nimeuliza kwa nini, kwa niaba ya rafiki yangu. Akasema ya kupimia ikitumiwa kufungulia inapoteza akili.

Ubahili tu. Hata hivyo nimeyaandika yote kwenye kiganja.

Ameziba tairi. Akalishika lile tundu dhidi ya mwanga, akalitazama mbele na nyuma, akauliza kwa upole kama nina ugomvi na mtu nyumbani. Nikasema hapana. Akasema basi ni vizuri. Hakutaka nimlipe. Sipendi kabisa mtu mwema kiasi hicho.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimejikaza kisabuni nikarudi dukani na sanduku la chuma. Muuza vifaa ameuliza habari za rafiki yangu. Nimesema ni mkaidi sana, mke wake anateseka. Akasema anawajua marafiki wa aina hiyo, kwake huwa wanakuja sana Jumanne.

Bahati yangu, kuna fundi wa mabasi anaitafuta spana kubwa kama ile. Muuza vifaa amekubali kunibadilishia kwa ndogo. Akafuta chaki yangu kwa kitambaa bila kuuliza ile 5 aliichora nani.

Ndogo zipo tatu. Moja ina mshale unaotembea juu ya namba, lazima uinamishe kichwa kuusoma. Moja ina kioo na taa, inawaka kijani ukifika. Hiyo moyo wangu uliirukia! Nilishaiona ikiwaka uwanjani, watu wakipiga makofi. Ya tatu ni ule mswaki. Muuza vifaa akabana bolti kwenye jiliwa, akaipangia kila spana tano, akaniambia nifumbe macho nikaze. Ya mshale sikuweza kuisoma nikiwa gizani. Ya taa iliwaka, akaniambia baadaye, mimi nilipitiliza. Ya tatu nikaisikia kiganjani kabla ya masikioni. Tak. Ndogo, kama mtu ananigonga bega kuniambia imetosha.

Akasema fundi mwenye mazoea ya kuisikiliza bolti kwa mkono aupe mkono kitu cha kusikia, si jicho taa. Akanionyesha cheti chake cha kupimwa kiwandani, akanionyesha na kufuli ya kuzuia namba isiteleze. Nimechukua huo mswaki.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Hii kazi naipata.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimepanga 5. Nimekaza. Tak.

Hivi hii ndiyo kukaza? Marehemu bibi yangu alifunga chupa ya mafuta kwa nguvu kuliko hii. Nikasema bolti isije ikafunguka njiani watu wakanicheka, nikaongeza kidogo ya baraka.

Imekatika.

Nikaketi chini. Nisiseme uongo katika daftari langu mwenyewe: nilikaribia kulia. Niliiona ile timu yote ikivuka barabara, na binti yangu mbele yao, shikamoo baba.

Mke wangu alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Ameokota kichwa cha bolti. Akasema kwenye cherehani yake kuna kijiti cha kukazia uzi, hukikaza kwa vidole viwili, akizidisha uzi unakatika na nguo ya mtu inaharibika. Amekuwa akifanya hivyo tangu kabla hatujaoana. Nikamuuliza mbona hajawahi kuniambia. Akasema hujawahi kuuliza, ulikuwa unakaza.

Halafu akachukua chaki yake. Kwa bolti mpya, nilipofikia tak, akachora mstari mmoja unaopita juu ya kichwa cha bolti na kuendelea kwenye chuma kilichoshikwa. Akasema ukiongeza baraka zako mstari utapinda na mimi nitauona. Tumefanya bolti thelathini. Yeye anasimama nyuma yangu na mkasi mkononi, spana ikisema tak na yeye anasema acha. Za kwanza tisa mistari ilipinda. Za mwisho kumi na mbili imenyooka.

Nguvu za mkono wangu hazijapungua. Nimezipumzisha tu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Leo sijui nianzie wapi. Nianze na kosa.

Asubuhi niliwaza: mimi sasa nakaza vizuri, lakini Milimita anakaza vizuri tangu azaliwe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ni kweli, ila anayekubali naye hapati kazi. Nikavuka kumsalimia. Akaenda nyuma kuchota maji. Spana yake ilikuwa mezani imepangwa 5. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaipeleka 20. Nikafunga kufuli. Niliwaza ataharibu bolti mbili tatu za kujizoeza, atajitilia shaka, Jumamosi mkono utamtetemeka. Nikaaga, nikaenda zangu. Hata nilipiga mluzi.

Mchana mezani binti yangu yupo. Anasema kwa mama yake kwamba baiskeli yake mpya iko kwa Milimita inafungwa kiti, ataifuata saa nane, wana mazoezi ya mlimani.

Tonge likaniponyoka mkononi.

Kiti. Bolti ya tano ikikazwa kwa ishirini. Mlima ule ule. Nilitoka bila kunawa. Ndala moja ilibaki kwenye mtaro, sikurudi kuichukua. Nilivuka barabara gari la maji likanipigia honi, sikujali. Nimefika kwa Milimita sina pumzi, nikakuta baiskeli iko juu ya kibao chake, kiti kimeshafungwa, na binti yangu naye anaingia nyuma yangu, amenifuata mbio akidhani nimeugua.

Nikamwambia asiipande. Nikasema bolti hiyo haifai, imekazwa ishirini, mimi najua, nisiulizwe. Kisha nikaulizwa. Kisha nikasema.

Milimita hakupandisha sauti. Akasema asubuhi aliikuta iko ishirini na kufuli imefungwa, akadhani uzee umeanza kumwingia. Lakini yeye kila bolti huanza upya kutoka chini, hata kama ameiacha dakika moja. Akairudisha, akapanga tano, akakaza. Kiti kiko salama. Halafu akanionyesha mshikio wa spana yake. Kuna alama za vidole, nyeupe. Chaki ya mke wangu. Akasema ndipo alipojua si uzee.

Alijua tangu asubuhi. Akanyamaza.

Niliyaona haya yote kwa macho yangu Jumamosi, jinsi anavyorudisha chini kila mara. Nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Nikanawa.

Aibu niliyoiona sijawahi. Nikaomba msamaha kwa wote wawili. Binti yangu aliangalia mguu wangu usio na ndala. Milimita akalegeza ile bolti kwa spana ya kawaida, akanipa mswaki wake mkononi, akasema baba wa mtoto amkazie mwanawe.

Nimepanga tano. Nimekaza. Tak. Nimeondoa mkono.

Binti yangu akakishika kiti, akakitikisa. Akapanda, akaenda mlimani. Alirudi jioni, amekaa.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Uwanjani. Watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengine wameleta viti. Nahodha na karatasi yake na spana yake mwenyewe mfukoni kwa ajili ya kuhakiki. Mimi upande huu, Milimita upande ule, baiskeli mbili vipande vipande kwenye turubai.

Milimita amemaliza kwa dakika arobaini. Mimi nimechukua saa moja na dakika thelathini na tano. Kila bolti nimechora mstari. Kila tak nilisikia sauti ya mke wangu ikisema acha, maana alikuwa amesimama nyuma ya turubai na kweli alikuwa anasema. Mtu mmoja ameniuliza kama nashona. Nikachora mstari mwingine. Waliokuja na viti walishukuru kuja navyo.

Nahodha amehakiki. Bolti kumi na moja, zote sawasawa. Akarudia ya kiti mara mbili. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba, kusema kweli, hakutegemea.

Kazi amepewa Milimita. Ni haki. Timu haiwezi kusubiri fundi anayepiga mistari hadi jua lizame. Nilimpa mkono, nikaanza kukusanya vyombo vyangu, na moyo ulikuwa mzito kama lile sanduku la chuma.

Hapo Milimita akaomba kusema. Akasema baiskeli nane kwa mtu mmoja ni nyingi, na mashindano yako karibu. Yeye achukue nne, nne zipelekwe kwa jirani yake. Nahodha akawauliza akina dada nani anakubali.

Nikakazana kufunga kishikizo cha mkoba wangu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Nikasikia tairi kwenye kokoto. Binti yangu amekuja akikokota baiskeli yake, ameiegemeza kwenye sanduku langu la vyombo. Akasema breki ya nyuma inalegea, niitazame kabla ya Jumatatu. Amesema hivyo tu. Kisha wengine watatu wakafuata, mmoja akieleza sana kwamba ni kwa sababu anakaa karibu.

Nilisema nimeingiwa na grisi jichoni. Mke wangu akanipa kitambaa, akasema grisi ya leo nyepesi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Binti yangu amepita saa moja asubuhi. Shikamoo baba. Marahaba. Hakuvuka. Nimemwonyesha breki, nimemwonyesha mstari wa chaki ulionyooka. Ameujaribu kwa kidole, akaondoka juu ya baiskeli. Nimemtazama mpaka kona. Sina la kuongeza hapo, nimefurahi kupita kiasi.

Mambo yanafunguka. Saa nne amesimama mbele ya karakana dereva wa kigari cha kusambaza magodoro. Amesikia habari zangu za uwanjani. Anataka magurudumu yake yakazwe kwa kipimo, maana kitabu cha gari kinasema nati zake zinataka mia moja na ishirini. Nimemwambia kazi ndogo. Anakuja kesho saa mbili.

Sasa, mswaki wangu unaishia 24. Mke wangu ameuliza kama ile spana ndefu haikuwa inafika mia mbili. Nimemwambia ya kale hayanuki. Mtu asiye na akili angekata tamaa hapa. Mimi nimechukua rula, kisha nimeona hata rula haihitajiki. Ishirini na nne mara tano ni mia moja na ishirini kamili, hakuna hata kinachobaki! Nitakaza kila nati mara tano. Tak tano. Tena Milimita mwenyewe alisema kila mara mtu aanze upya kutoka chini, basi nitaanza upya mara tano, siwezi kuwa mwangalifu kuliko hapo. Mstari wa chaki nitapiga pia. Na ya sita kidogo, ya baraka, kwa sababu magodoro ni mengi.

Jioni nimepita dukani kuhakikisha. Si kwamba nina shaka. Nimemuuliza muuza vifaa, kwa njia ya kuzunguka, kama tak tano za ishirini na nne hujumlishwa. Akavua miwani, akaiacha ining'inie kwenye uzi wake, akauliza ni nani hasa anayetaka kujua.

Nimemwambia ni yule rafiki yangu.